Mtoto Hapokelewi Gizani

Waliokuwepo siku ile ni hawa: nahodha, ambaye ndiye mwenye boti, mkewe nahodha, ambaye hakupanda bali alibaki gatini akigawa majaketi ya kuelea, mhasibu mstaafu na mkewe, waliokuja na kamera moja na ugomvi wa nani aishike, fundi wa majokofu, mama yake fundi, dada yake fundi, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, mke wa fundi, na mtoto wao mchanga, ambaye kwa yale mashavu yake kila mtu alimwita Bonge. Na kwa kuwa mtoto alikuwa Bonge, mamaye akawa Mama Bonge, mpaka kliniki.

Ilikuwa siku njema. Jua lilikuwa la kiasi na bahari imetulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Fundi alikuwa amelifufua jokofu la vinywaji la nahodha, lile ambalo mafundi wengine walikwisha kulisomea dua, na nahodha kwa shukrani akawaalika yeye na watu wake wakatembezwe kuyaona mapango ya pwani.

Mama Bonge alikuwa hajatoka nyumbani kwa matembezi tangu ajifungue. Alivaa gauni la maua linalofunguka kifuani, akajitanda mtandio mweupe, na njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake. Mama mkwe aliliona lile tabasamu. Walipofika gatini akamchukua Bonge mikononi mwake akasema, "Mwanangu, tangu ujifungue hujaona kitu zaidi ya nepi. Leo wewe tazama bahari. Huyu nitamtazama mimi."

Mama Bonge hakulisahau neno lile. Hata baadaye, mambo yalipoharibika, hakukubali mtu aliseme vibaya, kwa maana lilikuwa neno la huruma.

Pale gatini kulikuwa na jambo dogo ambalo wifi yake alilishika mara moja. Mkewe nahodha hakumpa mtu kitu mkononi. Kila jaketi alilitua juu ya benchi, akarudi nyuma hatua moja, na mwenye kulivaa akaliokota. Mkewe mhasibu aliponyoosha mkono apewe lake, yule mama alilitua vilevile, kama hakuuona mkono.

"Huyu anaringa," wifi akanong'ona, "au anaogopa tutamwambukiza umaskini?"

Mama Bonge akamfinya anyamaze. Yeye aliona jingine. Aliona yule mama akitafuta jaketi dogo kuliko yote, akalifuta maji kwa nguo yake mwenyewe, ndani na nje, hasa pale kwenye shingo ambapo lingemkwaruza mtoto, ndipo akalitua. Kisha akamtazama Bonge. Akamtazama muda mrefu, halafu akageuza uso kama mtu aliyeingiwa na moshi machoni.

Boti ikaondoka. Nahodha alikuwa mtu wa maneno machache yaliyopangwa vizuri, kama mwalimu aliyefundisha somo moja miaka mingi. Aliwaonyesha pango la kwanza, liitwalo Dirisha, kwa kuwa jabali limetoboka ukaona mbingu upande wa pili. Aliwaonyesha Jino, pango lenye mwamba mmoja uliosimama mdomoni. Mhasibu alipiga picha, mkewe akamwambia amekata kichwa cha mwamba, mhasibu akasema mwamba hauna kichwa. Watu wakacheka. Upepo ulikuwa wa upole. Mama Bonge alikaa benchi la mbele, mwisho kabisa kushoto, mkono wake ukigusa maji. Kuliani kwake alikaa mumewe. Nyuma yao mama mkwe na Bonge, aliyekwisha kulala mdomo wazi.

Wakafika pango la mwisho. Hilo huitwa Tumbo.

Tumbo halitazamwi kwa nje. Boti huingia mdomo mmoja, hupinda ndani ya jabali, na hutokea mdomo mwingine, na pale katikati kwenye kona hakuna mwanga kabisa. Huingiwa maji yakiwa yametoka tu, maana yakijaa dari hugusana na bahari. Nahodha alipunguza injini mpaka ikawa inakoroma. Akasema hapa hakuna kuwasha taa wala simu, kwa sababu ya popo. Wakishtushwa na mwanga huja usoni mwa watu. Kisha, kwa sauti ileile, akaongeza, "Na mwenye mtoto akae naye mwenyewe. Humu mtoto hapokelewi mkono kwa mkono."

"Na waume?" wifi akauliza.

"Wangu mchukue hata mchana," akajibu mkewe mhasibu, na boti nzima ikacheka isipokuwa nahodha.

Mama Bonge aligeuka kumchukua mwanawe. Mama mkwe akaweka kidole mdomoni. Akanong'ona kwamba mtoto amelala, ukimgusa ataamka, akiamka atalia, na akilia hakuna atakayelifaidi pango. Ni muda mfupi tu. Alimaanisha wema. Na nahodha, aliyekuwa nyuma kabisa kwenye usukani, macho yake yalikuwa kwenye miamba.

Wakaingia.

Kwanza mwanga ulikuwa wa kijani, halafu wa kijivu, halafu ukaisha. Giza la mle ndani si kama giza la nyumbani. La nyumbani ukikaa nalo linakuzoea. Hili lilikaa usoni kama kitambaa kibichi. Nahodha alizima injini, na Mama Bonge akasikia upondo wake ukigusa mwamba, taratibu, ukiisukuma boti. Tone. Tone lingine.

Ndipo mtoto akalia.

Hakulia kwa nguvu. Kilikuwa kilio kile cha njaa kinachoanza kwa kukwama kooni, na mama yeyote anayenyonyesha anajua kinavyofanya: kabla akili haijafikiri, kifua kimeshajibu. Maziwa yalimshuka Mama Bonge mpaka akasikia joto. Akafungua gauni, akanyoosha mikono gizani, na mara uzito ukatua mikononi mwake. Uzito wa mtoto. Akamweka ziwa la kushoto, akamfunika mtandio, akashusha pumzi.

Mdomo ulikuwa wa baridi. Akafikiri ni upepo wa bahari. Alinyonya kwa pupa, kama mtoto aliyeachwa kwa jirani siku nzima, na Mama Bonge akamwonea huruma, akampapasa mgongo, akamwambia polepole, taratibu baba, ni yako yote. Mkono mdogo ukapanda kifuani, ukashika kidole chake, ukang'ang'ania. Kucha zilimchoma.

Boti ikapinda. Mwanga wa kijani ukaanza kuonekana mbele, mdogo kama tundu la ufunguo. Uzito ukaondoka mikononi mwake, taratibu, kama mtu anavyomchukua mtoto aliyeshiba. Akajua mama mkwe amemchukua. Akafunga gauni.

Walipotoka juani watu wote walipumua kwa pamoja, wakaanza kusema. Mama Bonge akageuka nyuma akicheka, akamwambia mama mkwe asante, na kwamba huyu leo amenyonya kama hakupewa tangu juzi.

"Nani amenyonya?" mama mkwe akauliza.

Bonge alikuwa amelala. Mdomo wazi vilevile. Kamba za jaketi lake zilikuwa zimefungwa mafundo yaleyale mawili aliyoyafunga mamaye gatini. Na mama mkwe akaapa kwa sauti ya chini kwamba mtoto hajaamka, hajalia, wala hajatoka mapajani pake.

Mama Bonge akajitazama. Gauni lake lilikuwa limelowa kuanzia kifua mpaka mapajani, maji ya bahari, baridi. Kwenye mikunjo ya mtandio kulikuwa na mchanga mweusi, laini kama unga. Akatazama kidole chake. Kilikuwa na alama nne ndogo za kucha. Kucha za Bonge alizikata mwenyewe jana yake, zote, mpaka kwenye nyama.

Halafu akakumbuka jambo ambalo lilimfanya ahame kiti, akaenda upande wa pili wa mumewe, akambana mpaka mumewe akamuuliza ana nini. Mama mkwe alikuwa nyuma yake. Lakini mtoto yule hakuja kutoka nyuma. Alipokelewa kutoka kushoto. Na kushoto kwake kulikuwa na maji tu.

Waliporudi gatini mkewe nahodha alikuwa amesimama pale. Aliliona gauni. Akaketi ghafla juu ya ndoo. Kisha akainuka. Aliingia kibandani kwake akatoka na kitenge kikavu, akakitua juu ya benchi mbele ya Mama Bonge, akarudi nyuma hatua moja.

*

Jioni ile Bonge alilikataa ziwa la kushoto. Mamaye alimweka, mtoto akageuza uso. Akamweka tena, akajikakamua mwili mzima, akalia kwa kilio ambacho hakuwahi kulia, cha hofu. La kulia alinyonya. Mama Bonge akajiambia labda ni jasho, labda ni chumvi. Akajiosha kwa maji ya vuguvugu. Haikusaidia.

Kesho yake mchana alikuwa anaosha vyombo. Akahisi ziwa la kushoto linavutwa. Si maumivu. Ni kule kuvuta kunakojulikana, kwa mapigo, vuta, pumzika, vuta. Akaangusha sahani. Akatazama ndani ya gauni. Hapakuwa na kitu. Maziwa yalikuwa yanatoka na hayakuwa yanadondoka popote. Yalitoka yakaishia hewani, na ziwa likalegea, tupu.

Ikawa kila siku. Saa zilisogea kila siku kidogo, na haikuchukua muda akang'amua kwamba zinasogea pamoja na maji ya bahari. Maji yakianza kujaa huko pwani, yeye kwake, mbali na pwani, ananyonywa. Anaweza kuwa jikoni. Anaweza kuwa amesimama dukani anasubiri chenji. Alijifunza kukunja mikono kifuani na kutazama chini. Hakuweza kukaa mahali pamoja. Alifagia palipofagiliwa, alikunja nguo zilizokunjwa. Wifi akamtania kwamba siku hizi anaendeshwa kwa betri. Kisha wifi akamtazama vizuri usoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaacha utani katikati, akamwondolea ndoo mkononi.

Mumewe naye alikuwa na fumbo lake. Kila siku alikuta kidimbwi cha maji sakafuni, upande wa kushoto wa kiti anachokalia mkewe. Kwa kuwa ni fundi wa majokofu, alijua jokofu lao linavuja. Alilifungua. Alilifunga. Alilifungua tena. Alibadilisha mpira, akabadilisha bomba, akalisogeza ukuta mwingine. Maji yakaendelea kuwa palepale pembeni ya kiti. Siku moja akachovya kidole, akakiweka ulimini. Hakuligusa tena jokofu.

Lakini yote hayo Mama Bonge angeyavumilia. Lililomshinda ni hili: ziwa la kulia nalo lilianza kupungua.

Bonge akawa anavuta hapati, analia, analala kwa kuchoka. Maziwa ya kopo aliyatapika, na matapishi yake yalinuka mwani. Mashavu yakaanza kushuka. Mikono iliyokuwa na mikunjo kama mkate ikanyooka. Muuguzi wa kliniki, mwanamke mpole, alimpima mara mbili kwa kudhani mizani imekosea. Hakumkaripia mama. Alimkalisha, akampa maji, akamtazama kifua, akasema hakuna ugonjwa anaouona, na kwamba amlete tena mapema, mapema sana. Wakati wa kutoka alimwita mtoto kwa jina lake halisi. Hakusema Bonge. Mama Bonge alilia njia nzima kwa sababu ya adabu ile.

Ni mama mkwe aliyelisema. Alikuja chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyekataa kumpa mtoto siku ile, na kwamba usiku hapati usingizi kwa ajili hiyo. Mkwewe akamwambia asiseme hivyo.

"Nisiposema mimi atasema nani," mama mkwe akanong'ona. "Ile haikuwa sheria ya popo, mwanangu. Rudi kwa yule mwanamke. Una kitenge chake."

*

Mkewe nahodha alikuwa kibandani anapanga majaketi. Mama Bonge alinyoosha mkono ampe kitenge. Kisha akajirudi. Akakitua juu ya meza, akarudi nyuma hatua moja.

Yule mama alikitazama kitenge muda mrefu. Machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika.

"Analinyonya lipi?" akauliza.

"La kushoto."

"Hata kwangu alipenda la kushoto."

Akamweleza kwa maneno machache. Zamani walikuwa na boti mbili, yeye akiongoza moja na mumewe nyingine, na mtoto wao wa kwanza, mchanga wa kunyonya, akiwa naye mapajani. Siku moja injini yake ilizimika ndani ya Tumbo, pale kwenye kona, na maji yalikuwa yanajaa. Mumewe akaja na boti yake kumvuta. Ilibidi yeye, mama mtu, afunge kamba, na kamba haifungwi na mtoto mikononi. Akamwita mumewe, akamwambia, mpokee. Akamtoa mtoto gizani.

"Nikahisi mikono ikimpokea," akasema. "Mikono mizuri tu. Ya upole. Nikafunga kamba. Tulipotoka nikamwambia, nipe mwanangu. Akaniambia, si unaye wewe?"

Mumewe muda wote ule alikuwa ameushika upondo kwa mikono miwili, akiizuia boti isigonge mwamba.

"Hatukusikia kilio. Hatukusikia hata maji."

Walimtafuta mpaka mapango yote yakawajua kwa majina. Mumewe alitaka wahame, waiuze boti, wasiyaone tena mapango yale. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema mtoto hawezi kuachwa peke yake mle ndani. Basi angalau watu wapite, asikie sauti za watu. Tangu siku ile mkono wake hautoi kitu mpaka macho yameona kimefika. Na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia wala kumgusa, maana kila mama alikaa na mwanawe, akiwa ameshughulika naye. Mikono ya Mama Bonge peke yake ndiyo iliyoingia mle ikiwa mitupu na kifua kimejaa.

"Nami ningefanyaje," Mama Bonge akanong'ona. "Alikuwa analia."

"Najua. Ulimpa." Akajifuta uso kwa kile kitenge. "Nimekuombea kila siku kwa kuwa ulimpa. Lakini wako atakufa, mwanangu. Twende nikamchukue wangu."

*

Wakaingia watatu, maji yalipotoka, jua likiwa kichwani. Nahodha nyuma na upondo wake. Mama Bonge benchi la mbele, mwisho kushoto, mahali palepale. Mkewe nahodha kuliani kwake, amefungua mikono mapajani. Bonge alibaki nyumbani na bibi yake.

Mama mkwe alikuwa amempa Mama Bonge kichupa cha shubiri. Wanawe wote aliwaachisha ziwa hivyo: unapaka, mtoto anaonja uchungu, analia siku mbili, yamekwisha. Mama Bonge alikwisha kujipaka pale gatini.

Kijani. Kijivu. Giza.

Injini ikazimwa. Upondo ukagusa mwamba. Tone.

Wakasubiri kwenye kona. Popo mmoja alijigeuza mahali juu. Mkewe nahodha alikuwa anapumua kwa mdomo. Maji yalilamba ubavu wa boti, yakaacha. Yakalamba tena.

Kilio.

Maziwa yakashuka. Mikono ikanyooka yenyewe. Uzito ukatua, baridi, ukilowanisha kila kitu, na mdomo ukatafuta, ukapata.

Ukaacha.

Alitoa sauti ndogo. Haikuwa sauti ya jini wala ya mzimu. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyeonja uchungu mahali alipotegemea utamu. Akajaribu tena. Akaacha tena. Midomo ikabaki imegusa, inatetemeka, inasubiri, kama anaamini kwamba ni kosa na litarekebishwa.

Mama Bonge alimfikiria Bonge. Aliifikiria mikono yake iliyonyooka. Alijua vizuri kabisa alichokuja kukifanya.

Akachukua ncha ya mtandio, akaichovya majini, akajifuta. Akafuta vizuri, ndani ya kila mkunjo, mpaka ngozi ikawaka. "Mara ya mwisho, baba," akanong'ona. "Shiba. Halafu uende kwa mama yako."

Akanyonya. Safari hii hakuwa na pupa. Alipomaliza alishusha pumzi, ile pumzi ya mtoto aliyeshiba, na kichwa kikalala kwenye mkono wake. Mama Bonge akakinusa. Chumvi. Na chini ya chumvi, mbali sana, ile harufu ambayo vichwa vya watoto wote vinayo.

Akamwinua kuliani.

"Mpokee," akasema.

Mikono ikampokea. Mikono mizuri. Ya vuguvugu, ya upole. Iligusa vidole vyake kidogo, kama kusema asante, ikamchukua.

Mama Bonge alilia kimyakimya mpaka kwenye mwanga. Walipotoka juani aligeuka, uso umelowa, anatabasamu.

Mkewe nahodha alikuwa amekaa vilevile. Mikono imefunguliwa mapajani. Mikavu.

"Mbona humtoi?" akanong'ona. "Bado ananyonya?"

Nyuma yao nahodha alikuwa amesimama, ameushika upondo kwa mikono miwili.

*

Mama Bonge alikimbia kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani. Mama mkwe alikuwa mlangoni na Bonge begani, na alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akasema jua lilipokuwa kichwani mtoto aliamka peke yake, hakulia, akainua mikono yote miwili juu kama anataka kubebwa na mtu aliyeinama kitandani. Akabaki ameinua hivyo. Halafu akaishusha kifuani kama aliyepokea kitu, akacheka, kicheko cha kwanza tangu aanze kukonda, akalala kama jiwe.

Mama Bonge alimchukua, akaketi sakafuni palepale. Bonge akalipapasa ziwa la kushoto, akalishika, akanyonya. Akamaliza. Akahamia la kulia, akalimaliza nalo. Na usiku akataka tena. Maziwa yalijaa kama hayakuwahi kupungua. Sakafu kando ya kiti ilikauka. Muuguzi alimpima, akapiga makofi ya furaha, akamwita Bonge.

Kuna mchanga tu. Ukimwogesha, hutoka nyuma ya sikio na kwenye mikunjo ya shingo, mweusi, laini kama unga, kidogo, kila siku kidogo. Mamaye humwosha mwenyewe. Hakuna mwingine anayemwogesha. Humwaga yale maji nje, husuuza beseni, na humwimbia kama kina mama wote wanavyowaimbia watoto wao. Zipo siku, akiwa ameshampa ziwa la kwanza na anamgeuza kumpa la pili, hujikuta anasema polepole, haya, na wewe.

Mkewe nahodha huja kuwatembelea kila wiki. Haulizi lolote. Huleta sabuni, au soksi alizozifuma, huvitua mezani. Kisha hukaa mkekani, na Mama Bonge humweka mtoto chini katikati yao, huondoa mikono yake, hurudi nyuma kidogo. Ndipo yule mama humwokota, humnusa kichwa, hufumba macho.

Bonge sasa anatembea. Katika nyumba ile bado hapokelewi mkono kwa mkono, hata mchana, hata na baba yake. Anawekwa chini kwanza.